Kuujua Utando wa Seli kwa Mikono Yako: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi na Walimu wa Tanga

Wanafunzi wa kidato cha tatu wanaokuja kusoma jioni barazani kwangu Ngamiani wanaweza karibu wote kuuchora utando wa seli: safu mbili za vichwa vya duara, mikia imeelekeana katikati, na vibonge vya protini vimechomekwa hapa na pale. Ukiwauliza kwa nini kitunguu cha kachumbari kilichonyunyiziwa chumvi hutoa maji baada ya dakika chache, wananyamaza. Mchoro wanao, lakini hakuna aliyewaambia kwamba jibu limo ndani ya mchoro uleule. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yao na kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofundisha bila maabara ya kutosha, kwa sababu naamini kabisa kwamba utando wa seli unaweza kueleweka kwa vitu vinavyopatikana Soko la Mgandini, na kwamba anayeuelewa utando huu ameshika ufunguo wa nusu ya somo la baiolojia.

Kazi yote inahitaji siku mbili au tatu. Tafuta viazi mviringo vitatu vigumu, kitunguu maji chekundu kimoja, bitiruti moja, yai moja, mafuta ya nazi na mafuta ya alizeti kidogo, chumvi ya kawaida, glasi au vikopo sita vinavyopitisha mwanga, rula, kisu kikali, kipimajoto cha maabara na chupa ya maji ya bahari. Mzani unaosoma sehemu ya kumi ya gramu utakusaidia sana. Kama shule haina, sonara anao, na wengi wao hawakatai kumpimia mwanafunzi aliyeomba kwa adabu. Hadubini inahitajika katika hatua moja tu.

Hatua ya 1: Weka maneno na vipimo sawa

Utando wa seli ni tabaka jembamba linaloizunguka seli yoyote iliyo hai, iwe ya mtu, ya mkonge au ya bakteria. Usiuchanganye na ukuta wa seli. Ukuta ni kitu kigumu kilicho nje ya utando. Mimea wanao, kuvu wanao, bakteria wengi wanao, na wanyama hawana. Ukuta wa seli ya mmea umefumwa kwa selulosi, na maji pamoja na chumvi iliyoyeyuka hupenya ndani yake bila kuulizwa chochote. Utando ndio unaochagua. Katika mitihani niliyosahihisha, hakuna kosa lililojirudia kama hili, nami nalilaumu neno lenyewe: mwanafunzi anaposikia kwamba seli ina mpaka, anafikiria ukuta wa nyumba.

Unene wa utando ni kati ya nanomita 5 na 10, na nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Karatasi ya daftari ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo ungelazimika kupanga tando zaidi ya 10,000, moja juu ya nyingine, ndipo ufikie unene wa karatasi moja. Hadubini ya shule haiwezi kuonyesha kitu chembamba kiasi hicho, kwa kuwa mwanga wenyewe hauwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Katika hatua zinazofuata, basi, tutautambua utando kwa kazi unayoifanya.

Jambo la mwisho la kuweka sawa ni mfano wa chujio. Wengi wetu tulifundishwa kwamba utando ni chujio, na hapa pwani chujio tunalolijua zaidi ni dema: samaki mdogo hupita kwenye matundu, mkubwa hubaki. Mfano huu unasaidia kwa siku moja tu, kisha unapotosha. Dema huchagua kwa ukubwa, lakini homoni ya estrojeni, ambayo ni molekuli kubwa mara nyingi kuliko ioni ya sodiamu (chembe ndogo yenye chaji ya umeme), hupenya katikati ya utando bila mlango, ilhali sodiamu iliyo ndogo hukataliwa. Ili kujua sababu, ingia jikoni.

Hatua ya 2: Mafuta, maji na kiini cha yai

Chukua chupa mbili ndogo. Katika kila moja tia vijiko vitatu vya maji na vijiko viwili vya mafuta ya alizeti. Katika chupa ya pili ongeza nusu kijiko cha kiini cha yai bichi. Funga, tikisa zote mbili kwa nguvu kwa dakika moja, kisha ziweke mezani. Katika chupa ya kwanza mafuta yatapanda juu yote muda si mrefu. Katika chupa ya pili mchanganyiko utabaki mweupe na mzito kwa muda mrefu zaidi.

Kiini cha yai kina fosfolipidi, na hiyo ndiyo molekuli inayojenga utando wa seli. Ina kichwa chenye fosfeti, ambacho hupenda maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta, ambayo huyakimbia maji. Katika chupa ya pili fosfolipidi zimejipanga kwenye mpaka wa kila tone la mafuta, vichwa vimeelekea kwenye maji na mikia imezama kwenye mafuta, na kwa hiyo matone hayawezi kuungana upesi. Sasa fikiri ingekuwaje kama yasingekuwapo mafuta, bali maji matupu pande zote. Mikia isingekuwa na pa kujificha isipokuwa kukabiliana yenyewe kwa yenyewe, na hivyo ungepata safu mbili zilizogeuziana migongo: vichwa nje, vichwa ndani, mikia katikati. Safu hiyo pacha hujipanga yenyewe bila kuongozwa na chochote, na ikitobolewa kidogo hujifunga tena, kwa sababu mikia iliyokutana na maji haitulii mpaka ifichwe.

Hapa ndipo dema linapoacha kufaa. Katikati ya utando pamejaa mafuta, na kinachotaka kupita hapo lazima kikubaliane na mafuta. Oksijeni na kaboni dayoksaidi hupita kwa urahisi; vivyo hivyo homoni za jamii ya estrojeni. Ioni, ambazo zina chaji na zimezungukwa na maji, haziwezi, hata zikiwa ndogo namna gani. Glukosi pia hukwama kwa sababu inapenda maji kupita kiasi.

Wazo la safu mbili lilitolewa mwaka 1925 na Waholanzi wawili, Evert Gorter na F. Grendel. Walitoa mafuta yote waliyoweza kutoka katika seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji yawe tabaka la molekuli moja, wakapima eneo lake. Walilikuta ni karibu mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Baadaye ilionekana kwamba walikuwa wamekosea mara mbili: hawakuyatoa mafuta yote, na walikadiria eneo la seli kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yalifutana, na jibu likabaki sahihi. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kabla hawajaanza kupima chochote.

Sabuni pia ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, lakini umbo lake halifai kujenga safu tulivu, hivyo inapojipenyeza katika utando huuvuruga na kuuvunja vipandevipande. Virusi vya korona vimevikwa utando wa mafuta uliochukuliwa kutoka katika seli walimozaliwa, na ndiyo maana kunawa kwa sabuni huviharibu.

Hatua ya 3: Tazama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe

Hatua hii huhitaji subira tu. Weka mafuta ya nazi katika kikopo kimoja na mafuta ya alizeti katika kingine, uviache dirishani usiku wa Julai. Hata hapa mjini Tanga, asubuhi ya baridi mafuta ya nazi huwa yameanza kuganda, na kwa ndugu zetu wa Lushoto huganda kabisa, kwa kuwa huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ya alizeti hubaki majimaji. Ukiwa na jokofu unaweza kufanya hivyo mwezi wowote, lakini usiyaache humo kwa muda mrefu.

Tofauti inatokana na umbo la mikia. Asidi nyingi za mafuta ya nazi zina mikia iliyonyooka, ambayo hulala pamoja kwa kubanana kama makuti yaliyofungwa vizuri. Asidi nyingi za alizeti zina mikia iliyopinda, na mikia iliyopinda haibanani. Utando wa seli huchanganya aina zote mbili, na uwiano wake ndio unaoamua kama utakuwa laini au mgumu. Samaki wanaoishi kwenye maji yenye baridi kali huongeza mikia iliyopinda ili tando zao zisigande. Katika seli za wanyama kuna pia kolesteroli, ambayo hujipachika katikati ya fosfolipidi na kufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana: joto likizidi huzizuia zisitembee ovyo, na baridi ikizidi huzizuia zisibanane. Watu wengi wanaijua kolesteroli kwa ubaya wake kwenye mishipa ya damu tu, nami naona ni dhuluma kidogo, kwa maana bila hiyo tando za seli zetu zisingekaa sawa.

Ulaini huu ulionyeshwa waziwazi mwaka 1970, pale Larry Frye na Michael Edidin walipounganisha seli ya binadamu na seli ya panya zikawa seli moja. Protini za utando wa kila upande waliziwekea rangi yake. Mwanzoni rangi zilikaa nusu kwa nusu; baada ya dakika 40 katika joto la nyuzi 37 zilikuwa zimechanganyika kote, na katika baridi hazikuchanganyika hivyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1972, S. J. Singer na Garth Nicolson walitoa maelezo ambayo bado tunayafundisha: utando ni bahari ya fosfolipidi ambamo protini zinaelea, nyingine zimevuka upande hadi upande, nyingine zimegusa uso mmoja tu. Fosfolipidi huteleza pembeni kwa kasi kubwa, lakini ni nadra sana kupinduka kutoka safu ya nje kwenda safu ya ndani, kwa sababu kichwa chake kingelazimika kuvuka mafuta. Kwa hiyo nyuso mbili za utando hazifanani, na mchoro unaozionyesha zikifanana una upungufu.

Hatua ya 4: Viazi katika chumvi

Hatua hii ndiyo moyo wa mwongozo wote, na inastahili kufanywa kwa uangalifu mkubwa.

Andaa vikopo vitano. Cha kwanza kiwe na maji matupu. Cha pili, cha tatu na cha nne viwe na maji yenye chumvi gramu 5, gramu 10 na gramu 20 kwa kila lita, kwa mfuatano huo. Cha tano kiwe na maji ya bahari ya Raskazone, yaliyochotwa siku isiyo na mvua na mbali na mifereji. Maji ya bahari yetu yana chumvi ya karibu gramu 35 kwa lita. Mwanafunzi akiona bahari halisi imekaa kwenye mstari mmoja na chumvi ya dukani, hasahau.

Menya viazi na ukate vipande 20 vilivyo sawa, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 60 na upana wa milimita 10 kila upande. Ngozi yote iondolewe, kwa kuwa inazuia maji. Vikaushe kwa kitambaa bila kuvikamua, uvipime vinne vinne kwa pamoja, uandike uzito na urefu, kisha uvitumbukize haraka katika vikopo vyake. Subiri saa mbili au tatu. Unapovitoa, vikaushe tena kwa namna ileile kabla ya kupima. Mara ya kwanza nilipolifanya jaribio hili na wanafunzi sikusisitiza kukausha, na maji yaliyong'ang'ania juu ya vipande yalivuruga vipimo vyote. Tulilazimika kurudia kesho yake.

Hesabu badiliko kwa asilimia: toa uzito wa mwanzo kutoka kwenye uzito wa mwisho, gawanya kwa uzito wa mwanzo, zidisha kwa 100. Vipande vilivyokuwa na gramu 25.0 vikawa gramu 27.0 vimeongezeka kwa asilimia 8. Chora grafu, kiasi cha chumvi kwenye mstari wa chini na asilimia kwenye mstari wa pembeni. Vya maji matupu vitakuwa vimeongezeka na kuwa vigumu, ukivikunja vinalia. Vya bahari vitakuwa vimepungua na kulegea, ukivishika vinainama. Mahali ambapo mstari wa grafu unakata sifuri ndipo chumvi ya nje ilipolingana nguvu na vitu vilivyoyeyuka ndani ya seli, na kwa viazi vyetu mara nyingi huangukia kati ya gramu 5 na gramu 15 kwa lita.

Kilichotokea kinaitwa osmosisi. Maji hutoka upande ambako ni mengi na vilivyoyeyuka ni vichache, huvuka utando, na kwenda upande ambako vilivyoyeyuka ni vingi. Chumvi haikuweza kuvuka kwa urahisi kuingia, kwa hiyo maji ndiyo yaliyotoka. Linganisha grafu yako na dripu ya hospitali: maji yake ya chumvi ya kawaida yana gramu 9 za chumvi katika kila lita, kiasi ambacho seli nyekundu za damu haziongezeki wala hazisinyai. Zikiwekwa katika maji matupu huvimba na kupasuka, kwa kuwa hazina ukuta wa kuzizuia. Seli za kiazi zina ukuta, ndiyo maana zilikuwa ngumu bila kupasuka.

Sasa rudia kwa kikundi kimoja cha viazi vilivyochemshwa hadi kuiva, ukivitia katika maji ya bahari. Hutaona kupungua kule ulikokuona kwa vibichi, na ukionja kipande katikati utakuta chumvi imeingia. Moto umevunja tando, na seli zilizokufa hazichagui tena. Anayepika viazi karai hapa Tanga analijua jambo hili kwa ulimi: kiazi kilichochemshwa katika maji ya chumvi huwa na ladha mpaka ndani.

Nieleze pia kuhusu yai la siki, kwa kuwa linafundishwa mahali pengi. Yai likikaa kwenye siki kwa siku moja au mbili ganda lake huyeyuka, kisha yai huvimba likiwekwa katika maji na kunywea likiwekwa katika asali au maji ya sukari mengi. Jaribio ni zuri na linaonyesha osmosisi, lakini ngozi nyeupe inayobaki si utando wa seli. Ni tabaka la nyuzi za protini lililotengenezwa na kuku kulizunguka yai zima, nene kuliko utando wa seli kwa maelfu ya mara. Lifanye, ila mwambie mwanafunzi ukweli huo.

Hatua ya 5: Kitunguu chekundu chini ya hadubini

Bandua ngozi nyembamba yenye rangi iliyo upande wa nje wa tabaka la kitunguu chekundu. Iweke kwenye kioo na tone la maji, funika, utazame. Utaona vyumba virefu vilivyojaa rangi ya zambarau. Rangi hiyo imo ndani ya vakuoli, kifuko kikubwa cha maji kilicho katikati ya seli, nacho kimezungukwa na utando wake chenyewe.

Tia tone la maji ya chumvi kali upande mmoja wa kifuniko, na upande wa pili gusisha karatasi laini ili iyavute maji ya mwanzo. Endelea kutazama. Baada ya dakika chache rangi itaanza kujikusanya katikati na kuachana na kuta, huku kuta zenyewe zikibaki mahali pake. Badiliko hili huitwa plazimolisisi. Ukingo wa eneo lenye rangi uko karibu sana na mahali ulipo utando, na nafasi tupu kati yake na ukuta imejaa maji ya chumvi yaliyopita ukutani bila kizuizi. Kwa maoni yangu hakuna picha ya kitabu inayotenganisha ukuta na utando vizuri kama dakika hizi. Ukirudisha maji matupu mapema, rangi hutanuka tena na kujaza chumba. Ukichelewa sana seli hufa, na haitarudi.

Hatua ya 6: Bitiruti na joto

Kata bitiruti vipande vidogo vinavyolingana, uvioshe mpaka maji yawe meupe, kwa kuwa seli zilizokatwa na kisu zinamwaga rangi yake bila kujali joto. Weka kipande kimoja kimoja katika maji ya nyuzi 30, 40, 50, 60 na 70 kwa dakika kumi na tano. Maji ya nyuzi 30 yatabadilika kidogo sana, na ya nyuzi 70 yatakuwa mekundu iliyokolea. Kuruka kwa rangi huonekana mara nyingi kati ya nyuzi 50 na 60, ambako protini za utando zinapoteza umbo na safu ya fosfolipidi inalegea kupita kiasi. Kipande cha sita kitie katika spiriti, cha saba kigandishe usiku kucha kisha kiyeyushe. Vyote viwili vitavuja sana, cha sita kwa sababu spiriti inayeyusha mafuta ya utando, cha saba kwa sababu barafu imezipasua tando.

Hatua ya 7: Milango usiyoweza kuiona

Hapa jikoni panaishia. Yaliyobaki yanahitaji maabara kubwa, lakini unaweza kuyafuata kwa kusoma pakiti moja ya ORS, ule unga wa kuyeyusha katika maji anaopewa mwenye kuhara, kutoka duka la dawa.

Maji hupenya safu ya mafuta polepole, na kasi tuliyoiona kwenye seli nyingi isingewezekana bila mlango. Mlango huo ulitambuliwa mwaka 1992 na Peter Agre na wenzake, protini inayoitwa akwaporini, ambayo hupitisha mabilioni ya molekuli za maji kwa sekunde moja na kuzuia ioni zisipite. Alipewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 2003. Protini nyingine ni mifereji ya ioni, nyingine ni wabebaji, na nyingine ni pampu zinazosukuma vitu kutoka vilipo vichache kwenda vilipo vingi kwa kutumia nguvu ya chakula. Pampu ya sodiamu na potasiamu iligunduliwa mwaka 1957 na Jens Skou wa Denmark, aliyekuwa akifanya kazi na neva za miguu ya kaa wa pwani. Kila mzunguko hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Hii ndiyo sababu sodiamu ni nyingi nje ya seli zetu, potasiamu ni nyingi ndani, na kiasi kikubwa cha nguvu tunayotumia tukiwa tumelala huenda kwenye kazi hii peke yake.

Sasa ishike pakiti. Katika lita moja ya maji, ORS ina gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti ya sodiamu. Glukosi haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Katika utando wa seli za utumbo mdogo kuna mbebaji asiyekubali kuvuka na sodiamu peke yake: hubeba ioni 2 za sodiamu pamoja na glukosi moja, na vikishaingia maji huvifuata kwa osmosisi. Sumu ya kipindupindu hujishikiza kwenye utando huohuo na kufanya milango ya kloridi ikae wazi, kloridi inamiminika ndani ya utumbo, sodiamu na maji vinafuata, na mgonjwa anaweza kupoteza lita nyingi kwa siku. Lakini sumu hiyo haimgusi mbebaji wa glukosi na sodiamu. Mlango mmoja umeharibika na mwingine bado unafanya kazi, na ORS inapita kwenye ule unaofanya kazi. Ndiyo maana vipimo vya pakiti lazima vifuatwe: ukiiyeyusha katika nusu lita, umetengeneza maji mazito yatakayoweza kuvuta maji kutoka mwilini, kama kikopo cha tano kilivyokivuta kiazi. Nimewahi kuona mzazi akikoleza dawa kwa nia njema kabisa, akidhani itamfaa mtoto zaidi, na tangu hapo sifundishi osmosisi bila kuyataja haya.

Hatua ya 8: Nenda kwenye mikoko

Chagua siku ya maji kupwa, uende Tongoni au sehemu yoyote ya ukanda huu yenye mikoko. Vaa viatu vinavyofunika mguu, na mwombe mwenyeji akuonyeshe mchu, ule mti wenye vijiti vingi vya mizizi vilivyosimama juu ya tope. Mti huo umesimama katika maji ambayo yaliua kiazi chako, na bado umestawi. Mizizi yake huiacha nje sehemu kubwa sana ya chumvi, kwa sababu tando za seli zake haziipitishi, na ile inayofanikiwa kuingia husukumwa nje tena kupitia tezi za majani kwa pampu zilizo kwenye tando za tezi hizo. Ndani ya seli zake mchu hujaza vitu vilivyoyeyuka vya kutosha ili maji yaendelee kuingia badala ya kutoka.

Papa ana njia nyingine. Hubakiza urea nyingi katika damu yake ili ukolezi wa maji ya mwilini ulingane na wa bahari, na silikanti, samaki wa kale ambaye wavuvi wa Tanga wamewahi kumnasa, hufanya hivyohivyo. Papa akichacha, bakteria huigeuza urea hiyo kuwa amonia. Kila aliyepita sokoni karibu na papa anaijua harufu yake.

Ukiwa kwenye mchu, usivunje tawi. Tafuta majani mawili yaliyopigwa na jua tangu asubuhi, uyaonje kwa ncha ya ulimi, kisha ulifute moja kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi hadi ladha ya chumvi iishe, ulifunge uzi ili ulitambue. Kaa kivulini saa tatu au nne kabla maji hayajajaa, urudi kwenye jani lenye uzi, ulionje tena.